Sukuma na nyanya zaungua na kaskazi, nifanyeje?

Bustani_Kisauni: Salaam alaikum. Kitalu changu ni mita 2 kwa 5, mchanga mtupu. Tangu Januari sukuma wiki inalegea mchana na kingo za majani zinakauka. Nyanya zinatoa maua mengi, kisha yanapukutika. Namwagilia kidogo asubuhi na jioni, maji ya kisima. Nitafikaje masika?

MkuluMtwapa: Waalaikum salaam. Kulegea saa saba mchana na kuamka jioni si kiu, usikimbilie ndoo. Kingo kavu na katikati kijani ndiyo shida: hiyo ni chumvi. Yaonje maji yako. Ukimwagilia kidogo kidogo, maji hukauka na chumvi hubaki kwenye mizizi. Mwaga mtungi wa lita 20 kwa kila mita mraba, siku moja unamwagilia, ya pili unaacha, alfajiri, shinani tu bila kugusa majani. Kitalu chako ni mitungi 10. Hapo chumvi husukumwa chini. Baadaye chimbua sm 20; kama kukavu, maji hayajafika. Miche michanga ipe maji ya mvua au ya bomba, tena kila siku.

Mama_Shamba: Na kivuli kiwe cha juu. Ukuta hausaidii, maana Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linasimama utosini. Tundika wavu wa kivuli unaozuia asilimia 35 hadi 50 ya jua, mita 2 kutoka chini, pande zote wazi upepo upite. Ule wa 75 una kivuli kingi mno. Mboga chini yake hurefuka na kuwa dhaifu. Makuti yanafaa pia, ila yapange kwa nafasi.

Chini tandaza nyasi kavu unene wa sm 5, uache pengo la vidole vinne kuzunguka shina. Makumbi ya nazi ni mazuri, lakini yale yaliyofukiwa ufuoni kwa kazi ya kamba usiyalete, yamejaa chumvi.

Bustani_Kisauni: Shukran. Na nyanya je? Niongeze mbolea ya kuku?

MkuluMtwapa: Ya kuku mbichi hapana kabisa! Ina chumvi yake na inachoma mizizi. Samadi iliyooza, ndoo ya lita 10 kwa mita mraba, changanya na mchanga hadi sm 20.

Bamia_Likoni: Nyanya usizihangaikie, zing'oe. Usiku ukizidi nyuzi 21 hivi, chavua, ule unga wa ua, hudhoofika na ua huanguka bila kutunga tunda. Usiku wa Februari hapa ni kama nyuzi 24 au zaidi. Wavu hupunguza jua, haupunguzi joto la usiku. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili, maua yaje na baridi ya kusi. Nafasi hiyo panda bamia, kunde au mchicha. Mchicha unachuma kwa wiki 3 hadi 4.

Mama_Shamba: Kabla ya kung'oa, kung'uta jani la nyanya juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vyekundu vikitembea ni utitiri, vijidudu vinavyofyonza majani, hupenda ukame huu. Ukiwaona, nyanya ulizong'oa usizipeleke karibu na biringanya.