Miungu kumi na wawili kwenye karatasi, lakini dini yenyewe haisimami. Nikate wapi?

karatasi_na_dadu (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Ninajenga ulimwengu wa kubuni kwa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wachezaji watano. Nchi yenyewe ni ziwa kubwa la maji baridi, vijiji vya wavuvi ufuoni, tambarare ya mashamba, halafu milima ya mvua na radi. Watu elfu nne hivi kwa jumla. Nimeandika miungu kumi na wawili: wa maji, wa moto, wa vita, wa mapenzi, wa kifo na wengineo, na kila mmoja ana hekalu, kuhani mkuu, rangi na alama yake.

Shida ni kwamba mchezaji akiuliza "kuhani huyu akiamka asubuhi anafanya nini?", sina jibu. Mahekalu yamefanana kama vibanda vya M-Pesa.

Maswali: miungu wangapi wanatosha? Watu elfu nne wanaweza kulisha makuhani wangapi? Na majina niyatoe wapi bila kuchukua ya watu?

fundi_wa_Kondele

Weka kando hiyo orodha ya moto, maji na vita. Chukua karatasi mpya, uandike mambo ambayo mvuvi na mkulima wa nchi yako hawawezi kuyaamua wenyewe, na ambayo yakienda kombo wanalala njaa au wanakufa. Upepo wa usiku ziwani, samaki kutokuja, mvua ya mawe, mtoto kukwama tumboni, jirani kusogeza mpaka. Kisha kwa kila mungu wako uliza: nani anamletea kuku, na kwa nini leo na si wiki ijayo? Mungu wa mapenzi haletewi kuku na mtu. Futa. Wa vita katika nchi ya watu elfu nne ataletewa mara moja kwa miaka kumi, huyo mpe jiwe moja na mzee mmoja, basi.

Nikupe mfano mmoja kamili, ukitaka uuchukue. Hapa kwetu omena (dagaa wa ziwani) huvuliwa usiku kwa taa: samaki hufuata mwanga, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umejaa ziwa zima na taa haivuti kitu, kwa hiyo mashua zinapumzika. Sasa geuza jambo hilo liwe dini. Giza ndiye mungu mwema, anayelisha watu. Mwezi ni mwizi anayekuja kila mwezi kula na kuondoka. Tayari umetoka kwenye "mungu wa giza mwovu" ambaye kila mtu ameshamchoka.

Mwite Hodumi. Kazi ya kuhani wake ni kutangaza mambo mawili tu, "nyavu juu" na "nyavu chini". Siku saba hivi katikati ya mwezi nyavu ziko juu, na siku hizo ndizo za harusi, kesi, kushona nyavu na kulipa madeni. Akikosea siku moja, kijiji kizima kinapoteza usiku mmoja wa samaki. Asubuhi unayoulizwa na mchezaji ni hii: anahesabu vijiti kwenye chungu, kijiti kimoja kwa kila usiku, halafu anaenda ufuoni kuona taa ngapi zimerudi.

Panapoharibika: mawingu yanaficha mwezi mwandamo, kuhani wa ufuo wa mashariki anauona Jumatatu, wa magharibi Jumanne. Pande mbili, hesabu mbili, na wavuvi wanaogombana majini. Hapo umepata mchezo wa wiki tatu bila kuleta joka.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye mwaka. Miezi kumi na miwili ya angani ni siku 354, yaani inapungukiwa na siku 11 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu sikukuu ya kupanda imewahi kwa siku zaidi ya thelathini na ardhi bado ni vumbi. Lazima mtu aongeze mwezi wa kumi na tatu. Nani mwenye amri hiyo? Usimpe Hodumi. Mpe kuhani wa milimani anayesoma jua, ili watu wa ziwa wamtegemee mtu wasiyempenda.

karatasi_na_dadu

Hii ya giza nimeipenda mno. Huyo wa milimani anasomaje jua, kwa jiwe?

fundi_wa_Kondele

Kwa jiwe na kigongo cha mlima upande wa mashariki, ndiyo, lakini angalia usikosee kama wengi wanavyokosea. Wanaweka sikukuu kubwa siku jua linapofika mwisho wa safari yake, mwezi wa sita au wa kumi na mbili. Siku hizo jua linachomoza karibu pale pale kwa zaidi ya wiki nzima, kwa hiyo huwezi kuitambua siku yenyewe kwa macho. Katikati ya safari, usiku na mchana vinapolingana, linasogea kasi: kwa siku tano hivi linahama upana wa kidole kimoja ukinyoosha mkono. Hapo hata mtoto anaona.

Na ikiwa nchi yako iko karibu na Ikweta kama Kisumu, siku hizo za mwezi wa tatu na wa tisa jua la saa sita linakaa utosini na mti uliosimama wima hauna kivuli. Iite Siku ya Kivuli Kufa. Ile ya mwezi wa tatu inaangukia karibu na mvua za masika, kwa hiyo ndiyo siku ya kufungua kihenge cha mbegu. Mtu yeyote anayekumbuka habari za Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo aliyeuawa kwa mkuki uliochomwa kwenye kivuli chake, ataelewa kwa nini siku kama hiyo inatisha. Usimnakili shujaa mwenyewe, ila jifunze kitu kimoja kwake: nguvu ile ilikuwa na sharti ambalo mtu angeweza kulijaribu kwa mkuki.

gorogoro_mbili

Mimi nijibu la makuhani wangapi, maana hapo ndipo nchi nyingi za kubuni zinapoanguka. Natumia mahindi kwa kuwa hesabu yake tunaijua. Wewe badilisha uweke mtama.

Tuseme nyumba 400 za wakulima, watu sita kila nyumba, ekari mbili za jembe la mkono, gunia nane kwa ekari. Gunia 16. Watu sita wakila kilo mbili na robo tatu hivi kwa siku, mwaka unamaliza gunia 11 za kilo 90. Mbegu ni kilo 20 tu. Fukusi na dumuzi wale gunia moja na nusu. Zinabaki tatu na kidogo, na humo mna chumvi, jembe, mahari na msiba. Kuhani akidai nusu gunia kwa kila nyumba, atalipwa kwa manung'uniko. Akidai gunia zima, atachomewa nyumba.

Nusu gunia mara 400 ni gunia 200. Weka nusu iwe ya sikukuu na akiba ya njaa, zinabaki 100. Familia ya kuhani nayo inakula 11. Umepata familia tisa kwa nchi nzima. Tisa! Na wewe una mahekalu kumi na mawili yenye walinzi na waimbaji. Wavuvi nao watatoa samaki, lakini samaki mkavu hakai ghalani kama nafaka, kwa hiyo usiwategemee kwa mishahara.

Mwaka mbaya ekari ikitoa gunia tano, nyumba ina kumi na inahitaji kumi na moja. Zaka ni sifuri. Makuhani wanashika jembe au wanafungua ile akiba, na uamuzi huo ndio unaoonyesha dini yako ni ya namna gani.

Dawa ni zamu. Misri ya kale makuhani wengi walikuwa wa zamu: vikundi vinne, kila kimoja kinahudumu mwezi mmoja kisha kinarudi nyumbani miezi mitatu. Kwa njia hiyo unaweza kuwa na makuhani 36 kwa gharama ya tisa, na kila mmoja ana shamba, mke na ugomvi wa kawaida. Huko huko Misri chakula kiliwekwa mbele ya mungu, halafu makuhani wakagawana. Kwa hiyo andika mgao: damu ya nani, kidari cha nani, mguu wa nyuma wa nani. Usisahau ngozi. Ngozi inauzika, nyama inaliwa jioni ikaisha.

Tena kitu kidogo cha kuwapa wachezaji wako washike mkononi. Zaka inapimwa kwa kopo. Kila anayenunua mahindi sokoni anajua gorogoro (kopo la kilo mbili) iliyobonyezwa kitako: ukiitazama kwa juu ni nzima, ukiingiza kidole unagusa kibonyeo, na hapo umeshapunjwa konzi nzima. Kwenye hekalu hila inageuka. Kuhani anapokea zaka kwa kopo zima, njaa ikija anagawa akiba kwa lililobonyezwa. Mpe binti mmoja wa ufuoni aligundue. Uzushi mkubwa wa nchi yako uanzie kwenye kitako cha kopo, na waasi wajiite Watu wa Kopo Zima.

wa_Menengai (Nakuru)

Hesabu ya gunia nimeikubali, nyongeza yangu ni kuhusu milima. Watu wengi huandika "kuhani wa mvua" anayeleta mvua. Kwenye milima ambako ngurumo ni karibu kila alasiri, nani atamlipa mtu alete kitu kinachokuja chenyewe? Huko malipo ni ya kuzuia mvua ya mawe. Muulize mkulima wa chai wa Kericho au Nandi. Tena mawe hupiga kwa mstari: shamba hili limechanwa majani yote, la jirani halikuguswa. Ndiyo maana kazi hii haikosi mkate. Aliyepona ni ushahidi kwamba kuhani anaweza, aliyepigwa ni ushahidi kwamba hakulipa.

Basi mungu Tesaru. Kuhani wake ana kibuyu cha nusu lita, kimezibwa kwa nta, na ndani mna maji ya mawe yaliyoanguka mara ya mwisho. Nguvu yake ni hayo maji. Kila Siku ya Kivuli Kufa wazee watatu wanakitikisa sikioni. Kikilia, anaendelea mwaka mwingine. Kikinyamaza, amekwisha, anavuliwa kofia ya ngozi na kutafutwa mwingine.

Ona sasa alivyonaswa. Kibuyu kinapumua, maji yanapungua polepole hata ukiziba vipi. Mawe yasipoanguka miaka mitatu au minne, kibuyu kinakauka. Mtu anayelipwa kuzuia mawe anahitaji mawe yaanguke mara moja moja, na ikiwezekana yaanguke kwenye shamba la adui yake. Na msaidizi wake yuko gizani na kata ya maji ya mto. Je, maji ya mto yanahesabika? Hilo swali usilijibu kwenye kitabu chako, waachie mezani.

Ila usimfanye tapeli mtupu. Wanganyi wa Bunyore, ukoo wa waganga wa mvua, husoma maua ya miti, wadudu na upepo, na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wamekaa nao wakilinganisha ubashiri. Kuhani wako naye ajue vitu vya kweli, kama miti gani inachanua kabla ya masika na mchwa wanaruka lini. Mchezaji anayejifunza kwake apate ujuzi unaofanya kazi.

Kuhusu miiko: kila mwiko uwe na gharama inayoonekana. Kuhani wa Jupiter kule Roma hakuruhusiwa kupanda farasi, kuona jeshi lenye silaha nje ya mji wala kuvaa fundo lolote mwilini, kwa hiyo hakuweza kwenda vitani. Wa Tesaru asilale chini ya paa lisilo la nyasi. Inaonekana ndogo, mpaka atakapoalikwa kwa chifu mwenye nyumba ya mawe.

yaya_wa_Milimani

La majina. Usichukue Nyasaye, Were wala Asis, majina ya Mungu ya Waluo, Waluhya na Wakalenjin. Watu wanasali kwa majina hayo leo asubuhi, na msomaji hataweza kuona kitu kingine. Epuka pia majina ya kiume ya Kiluo yanayoanza na O. Otieno ni aliyezaliwa usiku, Okoth ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Ukiandika mungu Okothiro, msomaji wa Kisumu anamwona jirani yake.

Tunga sheria ya sauti kwanza. Watu wa ziwa wawe na h, d, m na irabu pana. Wa milimani t, s, r. Hodumi na Tesaru tayari wamekaa hivyo. Usiwe na miungu wawili wanaoanza kwa silabi moja, mezani watachanganywa ndani ya dakika kumi. Kisha kila mungu apewe majina matatu: la siri analolijua kuhani, la heshima la kila siku (Baba wa Taa Ndogo), na la matusi ambalo wavuvi hulitumia nyavu zikirudi tupu. La matusi ndilo litakalokumbukwa.

Na mahekalu punguza. Kit Mikayi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni mawe makubwa yaliyopandana tu, na watu wanaenda kuomba hadi leo. Unahitaji mwamba, njia ya kuufikia, na mahali panapojulikana pa kuvulia viatu.

karatasi_na_dadu

Asanteni sana. Nimebaki na wanne: Hodumi, Tesaru, mama wa uzazi, na wa mipaka. Wa kifo nimfute pia?

gorogoro_mbili

Mfute mungu, bakisha kazi. Nani anachimba kaburi, anapewa nini, na ananawa kwa maji ya nani kabla ya kurudi kula na wenzake? Ukimpa jembe moja la hekalu ambalo halilimi shamba lolote, na shilingi yake iwe ile ngozi niliyosema usiisahau, atatembea mwenyewe.

fundi_wa_Kondele

Naye asichimbe siku za nyavu juu. Harusi ziko siku hizo hizo, na hapo kuhani wa Hodumi atapaswa kuamua maiti asubiri au bibi harusi.