Mama anayelea nyumbani Uingereza: miaka yake ya pensheni inalindwaje?

Swali
Wadau, habari zenu. Mume analipwa pauni 85,000 kwa mwaka. Mke ana miaka 8 tu ya michango ya National Insurance (bima ya taifa inayojenga pensheni), na sasa ameacha kazi kulea mtoto wa miezi 2. Hatujaomba Child Benefit (posho ya serikali ya kulea mtoto), maana tunaambiwa yote inarudi kwenye kodi. Miaka hii itamhesabia mke? Na bibi wa mtoto, mwenye miaka 61, akikaa naye baadaye mama akirudi kazini?

Jibu la 1
Ndugu, bila kuomba haihesabiki. Pensheni mpya ya serikali inataka miaka 10 ili upate chochote, na 35 ili upate kamili, kwa hiyo mkeo yuko chini ya mstari. Ombeni Child Benefit sasa, tena kwa jina la mke, si la mume. Kweli, mzazi mmoja akizidi pauni 80,000 pesa yote hurudishwa, lakini kwenye maombi mnaweza kuchagua kutolipwa. Jina likishaingia, mama anapata krediti za National Insurance (wiki zinazohesabiwa kana kwamba amechangia) kila wiki mpaka mtoto afikishe miaka 12. Maombi hurudi nyuma miezi 3 tu. Kwa mtoto wa miezi 2 hamjapoteza kitu, ila msingoje.

Kosa la kawaida ni mume kuomba kwa sababu yeye ndiye mwenye muda wa kujaza fomu. Krediti zinamwendea yeye, ambaye hazihitaji. Ikishatokea, mke aombe kuhamishiwa kwa fomu CF411A.

Jibu la 2
Naongeza jambo zito: mwenye viza isiyoruhusu misaada ya umma asiombe Child Benefit kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji. Imo kwenye orodha ya misaada hiyo, na kuvunja masharti kunaweza kuharibu ombi lijalo la ukaazi.

Jibu la 3
Kuhusu bibi: anaweza kupata krediti hizo, akiwa mkazi wa Uingereza na hajafika umri wa pensheni. Fomu ni CA9176, na mama husaini pia. Mama akirudi kazini na kutimiza mwaka wake kwa mshahara, krediti ya mtoto inabaki bila kazi, ndiyo anayopewa bibi. Wiki moja haigawanywi kwa bibi wawili. Subirini hadi Oktoba 31 baada ya mwaka wa kodi kuisha, la sivyo fomu inarudishwa.

Anayemuuguza mzazi au mgonjwa saa 20 au zaidi kwa wiki, bila kulipwa Carer's Allowance (posho ya anayeuguza), aombe Carer's Credit, yaani krediti ya anayeuguza. Na kabla ya kununua mwaka kwa michango ya hiari, ambayo mwaka wa kodi 2025/26 ilikuwa pauni 17.75 kwa wiki, fungua rekodi yako kwenye tovuti ya serikali uone kama pengo hilo lingezibwa na krediti bure.