Mjadala: Filamu za Kiswahili zitengewe kundi lao kwenye mashindano ya kimataifa?

Mleta mada, Bagamoyo

Wadau, habari za leo. Juzi hapa Bagamoyo tulikutana watu kumi na wawili hivi, wapiga picha, wahariri, waigizaji, wengi wetu tumepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa. Mwenzetu mmoja amemaliza filamu yake ndefu ya kwanza na anataka kuipeleka kwenye mashindano ya kimataifa. Fomu imempa njia mbili: kundi kuu, au kundi la filamu za Kiswahili. Karibu wote wakamwambia aende la Kiswahili, huko hatakosa chochote. Mimi nilipinga, na bado napinga. Kundi hilo lifutwe, filamu zote ndefu ziingie kapu moja.

Angalieni kwetu. ZIFF imekuwapo Zanzibar tangu 1998, tamasha la filamu la nchi za jahazi, na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Bahari ni yetu, chombo ni chetu. Lakini kuliwahi kuwa na tuzo za Bongo Movie kando ya ile kubwa. Naamini nia ilikuwa njema, ila ni kama mwenye nyumba kutandikiwa mkeka uani wakati wageni wanakula sebuleni.

Na tusiambiwe kwamba Kiswahili hakivuki. Mwaka 2022 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilichukua Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage kule Tunisia. Ndiyo tuzo kubwa ya pale, na hakuna aliyeitengea kona.

Kinachotuangusha mimi nakiona kwingine. Niliketi na mwenzetu kupitia maandishi ya chini ya filamu yake. Kuna tukio moja mzee, baba mkwe, anafika mlangoni, Dunda hapa Bagamoyo, jioni. Anapiga hodi. Ndani mke wa mwanawe anasikia, kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mkono unasimama. Hodi ya pili. Kimya. Sisi tunajua hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa mtu anageuza. Kwa hiyo ukumbi mzima wa Waswahili utakuwa umeshika pumzi: ataitika au atamwacha aende? Anaitika ya tatu, kwa sauti ndogo, "Karibu, lakini mwenyewe hayupo." Maandishi ya Kiingereza yameweka salamu moja tu, kisha "hayupo". Tena ni meupe, yameangukia juu ya kanzu nyeupe ya mzee, nusu hayasomeki. Jaji anayetegemea maandishi hayo ataona mwanamke mzito wa kusikia. Dakika nzuri kuliko zote kwenye filamu imempita.

Ndiyo maana nasema: badala ya kututengea kundi, wekeni mezani majaji wawili wanaosikia Kiswahili bila kusoma.

Mchangiaji, Tanga

Ndugu yangu, umesema kwa uchungu na la hodi limenigusa. Lakini mfano wako wa Vuta N'kuvute unanisaidia mimi. Ile ilikuwa na washirika wa nje: Afrika Kusini, Ujerumani, Qatar. Huku Tanga tunapiga filamu siku nane, kamera ya kuazima, na anayeshika maiki ndiye huyo huyo anayetupikia. Uniweke kapu moja na mtu aliyehariri mwaka mzima, aliyelipa fundi wa rangi na fundi wa sauti? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mdogo wangu alipata cheti, cheti tu, kwenye kundi kama hilo unalotaka lifutwe. Kwa karatasi ile alipokelewa kwenye chumba cha kuhariri cha kituo kimoja cha televisheni, na leo analisha nyumba. Kwenye kundi kuu asingetajwa hata jina. Usivunje ngazi kwa sababu wewe umeshafika dari.

Mleta mada, Bagamoyo

Kaka, dari sijafika, ila hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu. Suala la fedha ni la kweli. Tazama lakini FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou kule Burkina Faso, walivyolishughulikia. Hadi 2013 filamu iliyotaka kushindania Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo yao kubwa, ilitakiwa iwe kwenye mkanda wa milimita 35, na kuhamisha kazi ya dijitali kwenda kwenye mkanda ni gharama isiyobebeka kwa watu kama sisi. Mwaka huo kuna filamu zilizoondolewa kwenye mashindano kwa sababu hiyo tu. Hawakuanzisha kundi la wasio na mkanda. Walibadili sharti, na kuanzia 2015 dijitali zikaruhusiwa.

La mdogo wako limenifanya nirekebishe pendekezo langu. Tamasha la Cannes kule Ufaransa lina Caméra d'Or tangu 1978, tuzo ya filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji, awe wa nchi yoyote na lugha yoyote. Hiyo naikubali kwa mikono miwili. Mdogo wako angeipata kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza, si kwa kuwa anasema Kiswahili. Mimi nagombana na kuifanya lugha yetu iwe ndiyo udogo wenyewe.

Fomu inafungwa Ijumaa na mwenzetu hajaweka alama popote. Jana usiku tumerudia lile tukio: "Hodi" tumeiacha kama ilivyo, mara tatu, kila moja peke yake, herufi zimetiwa ukingo mweusi na zimepandishwa juu ya bega la mzee.

Mliowahi kukaa meza ya majaji, nawaomba mseme: mkikwama kwenye neno, huwa mnamuuliza nani?