Naomba ushauri: wazee wanataka "Shamba la Wanyama" kiondolewe darasani

Mwalimu wa Chake
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nasomesha Kiswahili kidato cha tatu katika skuli moja ya hapa Chake Chake, na muhula huu tunasoma "Shamba la Wanyama", tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya riwaya ya Mwingereza George Orwell, "Animal Farm", ambamo wanyama wanampindua mwenye shamba kisha nguruwe wanajitwalia utawala, kama kitabu cha ziada. Wazee wa wanafunzi wawili wamelalamika kwa mwalimu mkuu kwamba wahusika wakubwa ni nguruwe, na kwamba hadithi ya mapinduzi yaliyoharibika ni siasa ya chini kwa chini, jambo zito kwetu sisi wenye Mapinduzi ya 1964. Vitabu vimekusanywa na kufungiwa kabatini hadi kamati ya skuli ikutane. Sikubali kukiacha kirahisi, kwani hakuna kitabu kilichowafanya wanafunzi wangu wasome kwa makini kama hiki: tulipofika pale ambapo amri ya wanyama ya kutolala kitandani, iliyoandikwa ukutani, inakutwa imeongezwa maneno kuhusu shuka, msichana mmoja asiyezoea kusema alifunua kurasa za nyuma, akaitafuta amri ya awali na kuwasomea wenzake zote mbili. Niiambie nini kamati?

Ustadh Wete
Wa alaykumu salaam, maalim. Hilo la nguruwe usilidharau mbele ya wazee, ila lina jibu. Nguruwe humo hasifiwi hata kidogo: ndiye anayejitwalia maziwa na matufaha, ndiye anayelewa, ndiye anayemuuza farasi aliyemtumikia hadi nguvu zikamwishia. Wakumbushe pia "Kalila na Dimna", ambayo Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu karne ya 8, ambamo simba, fahali na mbweha wanazungumza mambo ya utawala, na Waislamu hawakuacha kuisoma.

Mama Mkoani
Ustadh, nakuheshimu, lakini umelijibu lililo jepesi. Mimi ni mzazi, na hofu yangu ni mtoto kutoka darasani akiamini kwamba kila mapinduzi lazima yaishie kwenye dhulma, kisha aje kuyasema hayo mbele ya babu yake. Maalim, wanafunzi wameelezwa kwamba George Orwell alikuwa akiizungumzia Urusi ya baada ya 1917 na utawala wa Stalin?

Mkutubi
Swali la Bi Mama ndilo la kujibiwa kwanza. Iandikie kamati kwamba mwaka 1944 wachapishaji kadhaa wa Uingereza walikikataa kitabu hicho, baadhi yao kwa kuchelea kuiudhi Urusi, iliyokuwa mshirika wao vitani, na kikatoka 1945. Hapo wajumbe wataona kilimlenga nani. Omba kila mjumbe akisome chote kabla ya kikao, maana ni kifupi, na mzee ambaye bado hataridhika, mtoto wake apewe kitabu kingine chenye mazoezi ya uzito uleule, bila ya kuaibishwa mbele ya wenzake.

Mwalimu wa Chake
Nashukuru sana. Bi Mama, historia ya Urusi tuliisomesha pamoja na mwalimu wa somo hilo kabla ya sura ya kwanza, na maelezo yake nitayaambatanisha na barua. Kesho nitamuomba mwalimu mkuu afungue kabati, nakala ziende kwa wajumbe.