Nina hela ya mfululizo mmoja wa komiki: Absolute Batman, Ultimate Spider-Man au Storm? Na chati ya Ijumaa niifuate ipi?

Steshenari_Mwanga

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, nauza madaftari. Tangu mwaka jana nimeweka mabenchi mawili nje chini ya mwembe na kasha la vitabu vya katuni, mtu akae asome bure. Mchana wanakuja wanafunzi, jioni vijana wa bajaji. Vitabu vyenyewe vimechoka. Kuna Spider-Man mmoja hana jalada wala kurasa za mwisho, anaanzia katikati ya ugomvi na kuishia katikati ya ugomvi uleule.

Dada yangu anakuja kutoka Dar mwisho wa mwezi kwa treni na amekubali kubeba mzigo. Hela niliyotenga inatosha juzuu mbili tu. Nimesoma mwanzo wa mifululizo mitatu kwa simu ya mdogo wangu.

Absolute Batman, ya kampuni ya DC, ilianza Oktoba 2024. Mtunzi Scott Snyder, mchoraji Nick Dragotta. Humu Bruce Wayne hana utajiri wowote. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, akauawa kwa risasi kwenye bustani ya wanyama. Mama yake yuko hai. Bruce ni mhandisi, anajua majengo na mabomba ya mji wake, na vifaa vyake anajitengenezea. Nembo ya popo kifuani inang'oka na kuwa shoka. Wale tuliozoea kuwaona kama maadui zake, kina Waylon Jones na Oswald Cobblepot, humu ni marafiki zake wa utotoni. Niliisoma usiku mmoja, bando likaisha, nikaongeza.

Ultimate Spider-Man, ya kampuni ya Marvel, Januari 2024. Mtunzi Jonathan Hickman, mchoraji Marco Checchetto. Peter Parker si mwanafunzi tena, ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Ule uwezo wa buibui aliibiwa kabla hajaupata, ndiyo anaupata sasa akiwa na ndevu.

Storm, Marvel, Oktoba 2024. Mtunzi ni Mnigeria, Murewa Ayodele, mchoraji Lucas Werneck. Storm, jina lake Ororo, ni yuleyule wa mvua na radi, safari hii kitabu ni chake mwenyewe. Mawingu yamechorwa hadi unahisi baridi.

La pili ni ubao. Kila Ijumaa naandika kumi bora ya nyimbo kwa chaki, naiga chati ya Apple Music ya Tanzania. Wiki iliyopita dereva mmoja wa bajaji alisimama akaisoma yote, akaniambia: "Kaka, humu kuna nyimbo tatu sijawahi kuzisikia, na ninayoipiga kutwa haimo." Neno lake limenikaa. Niifuate chati gani?

Bint_Kibirizi

Mkuu hongera kwa hayo mabenchi. Mimi nina wanangu wawili, mmoja darasa la tatu, kwa hiyo nasema kama mama. Absolute Batman si ya mtoto. Lile shoka halikuwekwa kama pambo, linakata viungo vya watu na mchoraji anakuonyesha. Kwa kijana wa bajaji sawa. Ila kasha lako liko wazi chini ya mwembe, utazuiaje mtoto wa miaka tisa asilichukue?

Spider-Man ndiye ningemruhusu nyumbani kwangu.

Isevya_Tabora

Niko Tabora, lakini hili linanihusu, nilikuwa na kasha kama hilo. Swali la kwanza jiulize: msomaji ambaye hajawahi kushika komiki anaweza kuanzia hapo? Absolute na Ultimate ziliundwa kwa ajili hiyo. Dunia mpya, toleo namba 1, huhitaji kujua yaliyotokea tangu Superman alipotoka mwaka 1938 au Spider-Man mwaka 1962. Storm haiko hivyo. Imo ndani ya ulimwengu mkuu wa Marvel, wenye makundi ya mashujaa ya X-Men na Avengers na miaka yao yote mgongoni. Ukurasa wa tano mtoto atakuuliza huyu ni nani, na yule je, na wewe una mteja wa kopi dirishani.

Kitu kingine ambacho watu hawakitazami ni wingi wa maneno. Chukua toleo la nne la Ultimate Spider-Man. Karibu lote ni wanandoa wawili wawili, Peter na mkewe MJ, Harry na mkewe Gwen, wamekaa hotelini wanakula na kuongea. Kwangu mimi ni toleo bora kuliko yote ya mwaka ule, maana unaona urafiki ukijengwa kwa sahani na glasi. Lakini kwa mtoto wa darasa la tano ambaye Kiingereza chake ni cha "good morning teacher", ni kurasa ishirini za viputo vya maneno. Dragotta wa Batman anagawa ukurasa kuwa vijumba vidogo vingi mno, ila macho yanaweza kuvifuata bila kusoma neno: mkono, kamba, dirisha, kishindo.

MzeeWaReli

Vijana, salaam. Mimi ni mstaafu, nipo Gungu.

Sisi tulisoma Sani, jarida la katuni. Madenge, Lodi Lofa, Kipepe, Ndumilakuwili. Toleo moja lilipanda treni Dar na kufika hapa Kigoma limeshapita mikono ya behewa zima, limelegea kama kitambaa. Hatukuhitaji mtu wa kututafsiria. Kijana wangu wa steshenari, hivyo vitabu vyako vyote vitatu ni vya Kiingereza. Nani atawasomea?

Steshenari_Mwanga

Shikamoo mzee. Nasoma mwenyewe kwa sauti, natafsiri papo hapo. Wakati mwingine Kiha kinaingia chenyewe, hasa penye matusi ya adui, na hapo ndipo wanapocheka zaidi. Kuna binti mmoja wa kidato cha pili naye ameanza kunisaidia, na anatafsiri vizuri kunishinda.

MzeeWaReli

Marahaba. Basi endelea, hiyo ni kazi nzuri. Na huyo binti mpe nafasi.

Kasulu_Kwetu

Mbona hakuna anayemtaja Kwezi? Ni wa Afrika Kusini, kazi ya Loyiso Mkize, alianza mwaka 2014. Kijana wa miaka 19 anapata nguvu za ajabu na jambo la kwanza analolifanya ni kujitangaza mitandaoni. Huyo vijana wa bajaji wanamjua, wanaye mtaani. Mji wake ni wa kubuni lakini daladala zake, maduka yake na matabaka yake ni ya Afrika. Ukitaka shujaa Mwafrika usikimbilie Storm kwa sababu ya rangi tu.

Bint_Kibirizi

Kaka Kasulu, Kwezi nampenda, lakini Storm usimpunguze hivyo. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, na mama yake ni Mkenya, N'Dare. Wazazi walikufa Cairo akiwa mtoto, akatembea kwa miguu kushuka kusini hadi nyanda za Serengeti. Serengeti hii yetu. Nilipowasimulia wanangu kwamba kuna shujaa wa vitabu vya Marekani aliyefika Serengeti kabla ya kujiunga na kina X-Men, yule wa darasa la tatu aliomba nirudie mara mbili. Na sasa anaandikwa na Mnigeria. Miaka mingi aliandikwa na watu waliokuwa wakikisia tu Afrika ilivyo.

Mtoto akimpenda mtu, hayo ya nyuma atayauliza na atayajua. Sisi tuliijua tamthilia ya Kifilipino kuanzia sehemu ya arobaini.

Isevya_Tabora

Dada hapo umenigusa. Naondoa nusu ya pingamizi langu. Nusu inabaki.

FundiRedio_Mwanga

Mkuu nakufahamu, kibanda changu si mbali na kwako, naweka nyimbo kwenye memori na flashi. Nizungumzie ubao.

Dereva wako amesema kweli na chati yako nayo haikudanganya. Kila chati ina kitu inachokihesabu. Apple Music inahesabu wanaosikiliza Apple Music. Niambie hapa Mwanga wangapi wana iPhone na bando la kulipia muziki kwa mwezi. Boomplay inatusogelea kidogo kwa sababu Tecno wengi wameikuta ndani ya simu tangu dukani, na unaweza kusikiliza bure kwa matangazo. YouTube inahesabu kutazama, kwa hiyo wimbo wenye video ya kuvutia unaupita wimbo wenye mashairi.

Hata hao wakubwa wanapima kwa mizani yao. Billboard Hot 100, chati ya Marekani, ipo tangu Agosti 1958. Inachanganya kusikiliza mtandaoni, redio na mauzo, na tangu 2018 anayesikiliza kwa kulipia anahesabiwa uzito mkubwa kuliko anayesikiliza bure. Kwa hiyo msikilizaji asiye na hela ni msikilizaji pungufu kwenye ile chati. Sisemi ni vibaya, ni biashara yao. Rema alifika namba 3 pale mwaka 2023 akiwa na Selena Gomez, Tyla akafika namba 7, na mimi nilifurahi kama ndugu zangu.

Lakini dereva wa bajaji anakuja kwangu na memori kadi, ananilipa, namjazia nyimbo, anaondoka. Anaupiga wimbo ule kuanzia Ujiji hadi stesheni, mara nyingi kwa siku, wiki nzima. Hakuna mashine duniani iliyohesabu hata mara moja. Wimbo unaopendwa kuliko wote Kigoma unaweza kuwa na sifuri kwenye kila chati.

Na sisi tuko mpakani, usisahau hilo. Nyimbo za Bujumbura na za ng'ambo ya ziwa zinakuja hapa kwa simu ya abiria. Chati ya Tanzania haizioni kama zetu.

Kasulu_Kwetu

Fundi umeongea. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoa Leka Dutigite, huku kwetu hapakuwa na haja ya chati. Ulikuwa unausikia ukiwa shambani, ukienda kisimani unaukuta huko.

Isevya_Tabora

Niongeze historia kidogo kwa faida ya ubao. Chati ya kwanza ya Uingereza ilichapishwa tarehe 14 Novemba 1952 na gazeti la NME. Unajua waliipataje? Percy Dickins, mtu wa gazeti hilo, alipiga simu kwenye maduka takriban 20 akiuliza santuri gani zinauzwa sana. Basi. Akajumlisha. Nafasi zilikuwa 12 lakini nyimbo zilikuwa 15, kwa sababu nyingine zililingana wakaziweka pamoja.

Steshenari, wewe na Fundi mnaweza kufanya hivyohivyo hapo Mwanga. Uliza vibanda vya memori: wiki hii mmejaza wimbo gani mara nyingi?

FundiRedio_Mwanga

Mimi nitaandika kwenye daftari kuanzia kesho. Mstari mmoja kila nikiujaza wimbo. Kuna jamaa wa Ujiji na mwingine wa Katubuka, nitawaomba.

MzeeWaReli

Mkihesabu, hesabuni kwa haki. Fundi ana tabia ya kuwawekea watu wimbo anaoupenda yeye bila wao kuuomba. Ni vizuri, mimi mwenyewe alinipa Mbaraka Mwinshehe bure. Lakini usiuhesabu.

FundiRedio_Mwanga

Sawa mzee. Nitahesabu ulioombwa tu.

Steshenari_Mwanga

Wakuu narudi na majibu, imepita wiki.

Nilifanya jaribio. Siku tatu tumesoma kwa sauti toleo la kwanza la kila mfululizo, nikaangalia nani anabaki benchi. Batman walibaki wote, wakubwa kwa wadogo, na penye shoka nilifunika ukurasa kwa mkono. Hapo nikaona dada wa Kibirizi yuko sahihi. Nitakuwa nafunika kwa mkono mpaka lini? Mimi ndiye ninayempenda kuliko wote watatu, na imeniuma kumwacha. Nitamnunua siku nikipata kabati lenye kufuli.

Spider-Man watoto waliondoka mmojammoja kurudi kucheza mpira. Lakini madereva watatu walibaki hadi giza. Mmoja ana watoto wawili kama Peter. Akaniuliza: "Sasa akitoka usiku namna hiyo, mkewe anaambiwa nini?" Nikamwambia nunua soda nikusomee kesho. Amekuja kesho yake, na keshokutwa. Halafu Marvel walishatangaza mwaka 2025 kwamba ulimwengu ule wa Ultimate una mwisho wake, kwa hiyo ni hadithi ninayoweza kuimaliza nayo, sitakuwa nanunua hadi uzeeni.

Storm alisomwa na yule binti wa kidato cha pili, si mimi. Nilimpa simu nikakaa nyuma. Kweli hawakuelewa nani ni nani, Isevya ulisema. Walipofika penye radi mvua nayo ilikuwa inakaribia kutoka ziwani, upepo umeanza, na hakuna mtoto aliyenyanyuka. Walianza kunyanyuka matone yalipoanguka kwenye simu.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango. Badala ya juzuu mbili za mfululizo mmoja, nimemwagiza dada juzuu ya kwanza ya Spider-Man na juzuu ya kwanza ya Storm. Kwezi nimemwandika kwenye daftari la mwakani.

Ubao nimeugawa kwa mstari wa chaki. Kushoto Boomplay. Kulia nimeandika MEMORI, hesabu ya vibanda vitatu. Ijumaa hii nyimbo zinazokutana pande zote mbili ni nne tu. Nafasi ya pili upande wa kulia ni wimbo wa Kirundi, na nafasi ya tano zimelingana tatu, nimeziweka pamoja kama Waingereza wale. Yule dereva alisimama akasoma upande wa kulia, akashuka kwenye bajaji, akachukua chaki akasahihisha jina la msanii. Nilikuwa nimelikosea.

Bint_Kibirizi

Mwambie dada yako vitabu avifunge kwenye nailoni, treni ikipita Uvinza mvua hizi zinaingia dirishani. Na nitaleta wanangu Jumamosi. Huyo binti anasoma saa ngapi?

Steshenari_Mwanga

Saa kumi, dada. Wawahi, benchi la mbele linajaa.