Naomba ushauri: karakana ya useremala uani kwangu

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni seremala, naishi Kibaha. Kodi ya fremu imenichosha, nataka kujenga karakana uani, futi 16 kwa 24, kati ya nyumba na ukuta wa jirani.

Nina mashine ya kuranda na msumeno wa meza. Mota ya randa ni ya umeme wa njia tatu, nyumbani nina njia moja. Niombe TANESCO wanibadilishie, au ninunue mota nyingine? Mota kubwa ya njia moja huvuta umeme mwingi inapowaka, nahofia taa za ndani.

Kinachoninyima usingizi hasa ni vumbi. Mwanangu mdogo ana pumu, na vumbi la mninga linaniwasha hata mimi mtu mzima. Nimefikiria tofali za inchi 6 mpaka juu upande wa nyumba, upande wa pili niache wavu. Lakini jioni upepo unaelekea vyumbani.

Mliowahi kujenga hivi, mlango mliweka upande gani? Vumbi mnalinasaje? Na jirani mlizungumza naye vipi kuhusu kelele kabla ya kuanza msingi?