Mrejesho: Leseni ya Bongo huku Uingereza

Wakuu, niliuliza kama leseni ya udereva ya Tanzania inabadilishwa moja kwa moja huku Uingereza. Haibadilishwi. Afrika Kusini na Zimbabwe wamo kwenye orodha ya nchi zinazobadilishiwa, sisi hatumo. Unaitumia miezi 12 tangu uhamie, halafu unaanza kama mwanafunzi: leseni ya muda pauni 34 mtandaoni, kisha nadharia, maswali 50 upate 43, pamoja na video za kubaini hatari. Mwisho ni mtihani wa barabarani. Huku nako tunapita kushoto, ila mtahini anataka aone shingo ikigeuka kabla hujaondoa gari, siyo macho tu. Udereva wa Kariakoo weka kando kabisa. Nimefaulu juzi, sasa bima ndiyo inanitoa jasho. Mliosema nisisubiri miezi iishe, shukrani sana.